Matundu Pembeni mwa Karatasi

4 Februari

Shangazi, shikamoo.

Natumaini uko mzima, duka linakwenda, na ile mashine ya kopi iliyokuwa inatafuna karatasi za wateja imeshiba. Sisi wazima, ukiacha goti la Baba, ambalo siku hizi lina ratiba: asubuhi linauma, mchana linalalamika, jioni linatuhutubia. Mama anakusalimu. Mdogo wangu kafeli mtihani wa udereva mara ya tatu. Safari hii kaligonga geti la shule ya udereva yenyewe.

Ulisema simu yako ni ya kupokea habari za misiba, mengine niandike. Haya, naandika.

Shangazi, maktaba imekubali! Karatasi zote za Bibi, maboksi kumi na moja, zinaingia kwenye hifadhi yao. Zitakuwa na rafu yake, na jina lake juu ya rafu. Watu wanaosoma mambo ya elimu watakuja kuzifungua, watajua nani aliyezunguka nyumba kwa nyumba miaka tisa akiuliza kwa nini wasichana wanatolewa shule, na nani aliyepigania warudishwe. Hawatasoma tena zile kurasa mbili za kitabu cha shule zenye picha yake amenuna.

Masharti ni mawili. La kwanza, zipangwe na ziwe na orodha kabla ya tarehe thelathini Juni. La pili, mtoto mkubwa wa marehemu asaini fomu ya kuzikabidhi. Mtoto mkubwa ni wewe. Fomu nimeiweka humu, pa kusaini nimeweka alama ya vema kwa penseli.

Kupanga napanga mimi. Wamenipa chumba nyuma ya maktaba, kina meza moja ndefu na dirisha lisilofunguka. Najua utauliza nimesomea wapi. Sijasomea. Nimeokota kitabu cha mwongozo wa kupanga nyaraka kwenye rafu ya vitabu vinavyosubiri kutupwa, nimekisoma mara mbili, basi. Wiki tatu tu nimeshafika mbali! Karatasi zilikuwa kwenye mafurushi sitini na matatu, kila moja limefungwa kwa kitambaa cha buluu kilichopauka. Nimeyafungua yote. Kurasa elfu moja na mia tisa nimezipanga kwa tarehe, moja baada ya nyingine, kama askari. Vile vitambaa nimevishindilia kwenye foronya, nimepata mto wa kukalia, maana kile kiti ni adhabu.

Matatizo madogo mawili. Maelezo ya wale wasichana hayana majina, hata moja. Pili, wadudu wametoboa pembeni mwa karatasi, vitundu vidogo kama ncha ya sindano. Nitawaambia watie dawa.

Saini haraka, Shangazi yangu.

Mimi Kimbelembele wako


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mashine ya kopi haijashiba, imehamia kwenye vidole vya fundi. Mwambie kaka yangu apunguze kukaa, goti ni la kutembelea. Huyo dereva wenu asikate tamaa, geti nalo linajifunza.

Fomu nimeipata.

Umeyafungua yote? Yote sitini na matatu?

Nina kazi nyingi, shule zinaleta mitihani kuchapa.

Shangazi yako


11 Machi

Shangazi, shikamoo.

Salamu nitazikata leo, unisamehe. Wote wazima, goti lilelile. Mimi ndiye siko sawa.

Wiki nne zilizopita kaja mhifadhi mkuu. Ni mama mmoja mfupi, anavaa miwani moja machoni na nyingine kichwani, nasi kwa siri tunamwita Miwani Mbili. Nikasimama kando ya meza kama bibi harusi, nikamwonyesha mstari wangu wa karatasi. Akatembea mpaka mwisho wa meza. Akarudi. Akabadilisha miwani.

"Zilikuja hivi?"

"Hapana, zilikuwa kwenye mafurushi, ovyo ovyo tu. Huku mwaka huu, huku mwaka ule. Nimezinyoosha."

"Umezinyoosha."

"Ndiyo, mama. Kwa mujibu wa kitabu."

"Kitabu gani?"

Nikampa. Akafungua ukurasa wa kwanza, akanigeuzia. "Soma namba hapo chini."

Kumi na tisa, Shangazi. Kitabu changu kinaanzia ukurasa wa kumi na tisa! Mwanzo ulichanika zamani, mimi nikadhani wameanza tu hivyo, wajuaji wana mambo yao. Na unajua kurasa kumi na nane za mwanzo zinasema nini? Alinisomea kutoka kwenye nakala yake, kwa sauti, huku wahudumu wawili wa kaunta wakisikiliza mlangoni. Zinasema: usivuruge mpangilio ulioukuta. Ndiyo sheria ya kwanza. Kurasa kumi na nane zote zinasema hilo hilo kwa maneno tofauti.

"Furushi moja ni mtu mmoja," akaniambia. "Bibi yako aliwaahidi hataandika majina yao, si ndiyo? Basi lile furushi ndilo lilikuwa jina. Alimtembelea msichana mwaka huu, akarudi mwaka wa pili, wa tatu, akaweka kurasa zote pamoja. Wewe umechukua watu sitini na watatu umewakatakata kwa kalenda."

Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka, ni saruji.

Sasa nina ukurasa msichana analia, na ukurasa mwingine mtu kawa nesi, wala sijui kama ni huyo huyo. Nimejaribu kuziunganisha kwa maana: nimepata watatu, na mmoja kati yao nimempa baba wawili. Halafu kwa ajili ya wale wadudu, Miwani Mbili kachukua maboksi yote kayafungia kwenye mifuko yenye dawa kwa wiki tatu. Wiki tatu nimekaa natazama mifuko! Nimefungua mmoja kwa siri nione kama kuna mdudu hata mmoja amekufa. Hakuna. Wadudu gani hawa wanakula pembe tu na hawaachi hata mavi?

Baba anasema wewe ndiye uliyekuwa ukimchapia Bibi karatasi zote hizi, na wewe ndiye uliyekuwa ukifunga mafurushi. Basi niambie. Unakumbuka nani alikuwa na nani? Hata ishirini. Hata kumi!

Na fomu? Barua yako ilikuwa na sentensi moja juu ya fomu, tena fupi. Umesaini?

Mjukuu wa Bibi, aibu ya ukoo


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Mvua ilileta maji mpaka kwenye ngazi ya duka, tukapandisha mashine juu ya meza. Jirani yangu fundi viatu amefunga, amerudi kwao. Nilikuwa na mafua.

Usijiite aibu ya ukoo, nafasi hiyo ina watu.

Ninavyoona mimi, ziache zilivyo. Wale walisema yao, wakapumua, wakaenda zao. Wengine sasa wana wajukuu. Hakuna anayesubiri kupangwa.

Bado hujaniambia kama umezisoma zote au umezipanga tu. Zilizochapwa ndizo za kazi. Kama kuna za kuandikwa kwa mkono hazina maana, ziweke pembeni.

Shangazi yako


29 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Poleni na maji, pole na mafua. Huku mdogo wangu kapata leseni, naomba usitutembelee kwa sasa.

Ziache zilivyo? Ziache? Shangazi, nimekaa katika chumba kisicho na hewa tangu Januari! Nilimwacha Baba ananiita mhifadhi asiye na chuo, marafiki zangu wako kwenye mambo yao, mimi nanusa dawa ya wadudu ambao hawapo. Zimebaki wiki tisa. Miwani Mbili kaniambia bila kupepesa: saini isipofika, maboksi yanarudi nyumbani. Nyumbani ni wapi? Banda la nyuma, lile ambalo paa lake Baba analiziba kila mwaka kwa maneno. Mvua moja kubwa na Bibi kaisha. Miaka tisa ya watu waliomwamini imekuwa uji.

Miezi mitatu unaniandikia habari za mashine. Kama hutaki, sema hutaki. Nikipiga simu nikitaja maboksi, mteja kaingia. Wateja gani hao wanaingia kila nikisema "Bibi"?

Haya, nipunguze sauti. Nina la kukufurahisha.

Uliuliza za mkono. Ipo moja tu. Ukurasa wa daftari la shule, kalamu ya buluu, mwandiko umesimama wima kama uzio. Haina tarehe. Tena ndiyo karatasi pekee ambayo wadudu hawakuigusa! Nakunakilia:

"Nilikuwa wa pili darasani. Mama alisema nikae nyumbani mwezi mmoja tu kumsaidia kazi, shule itanisubiri. Mwezi haukuisha. Nilikuwa nikisikia kengele ya shule kutoka mezani, nikajifunza kupiga kazi kwa nguvu ili nisiisikie. Mwaka ulipogeuka sketi haikunitosha tena. Niliikata vipande, maana kitambaa kilikuwa kizuri na nyumbani kilihitajika. Mama hakuuliza nimekitoa wapi."

Nilisoma nikasimama. Kurasa elfu na mia tisa, hakuna inayoishika hii. Na chini yake kuna penseli nyekundu ya Bibi, ule mwandiko wake wa kusahihisha: "Nzuri sana! Ya nani hii? Ichapwe." Lakini haikuchapwa, nimetafuta kote. Sijui mchapaji siku hiyo alilala, samahani.

Nani huyo mama mkatili? Ningemjua leo ningemfuata kwake. Bila shaka Bibi alimfuata.

Nimeamua: siku ya kufungua rafu ukurasa huu utakuzwa uwe mkubwa kama mlango, tuuweke pale pa kuingilia, na picha ya Bibi juu yake. Miwani Mbili amekubali, na huyo huwa hakubaliani hata na saa ya ukutani.

Tafadhali, saini.

Kimbelembele


17 Mei

Barua hii haina salamu.

Ukurasa huo hautakuzwa. Hautawekwa mlangoni wala dirishani wala popote penye macho ya watu. Utoe kwenye hizo karatasi uniletee. Ni wangu kuuomba.

Fomu sitasaini. Usinipigie.


26 Mei

Shangazi, shikamoo. Shikamoo tena, ile ya barua iliyopita ulikuwa hujaijibu.

Barua yako niliisoma chumbani, nimekaa juu ya mto. Nilikuwa nimekasirika, nikawa najisemea peke yangu, "Ni wako kuuomba, ni wako kuuomba, kwani wewe nani?" Halafu nikaikumbuka ile sketi iliyokatwa vipande. Nikainuka kwenye ule mto polepole, kana kwamba nilikuwa nimemkalia mtu.

Nikamwaga vitambaa sakafuni. Sitini na vitatu. Nilivipanga siku nzima, safari hii bila kitabu. Vilikatwa kwa mkasi mkali, kingo zinaoana. Yakatokea marinda. Kikatokea kiuno, na kishikizo chake bado kipo. Na ndani ya kiuno kuna jina limeshonwa kwa uzi mwekundu, lile la kuzuia nguo zisipotee shuleni.

Jina ni lako.

Sikuwahi kuujua mwandiko wako. Barua zako zote unachapa, hata kadi yangu ya kuzaliwa uliichapa. Sasa naujua.

Nilimuuliza Baba. Kasema, "Sisi wadogo tuliambiwa dada hapendi shule." Akakaa. Akasema, "Nami nikawa natania watu hivyo, dada yangu hapendi shule." Kisha akaenda kuziba paa la banda, mchana kweupe, na goti lile lile, akapiga misumari mpaka Mama akamwita ashuke.

Nimekasirika mpaka sijui nimkasirikie nani. Nimemkasirikia Bibi, ambaye tangu nikiwa mdogo nilikuwa namsimulia watu kama ni mali yangu. Yaani alitoka asubuhi kwenda kugonga milango ya watu, kuwaambia wamama kwamba shule haimsubiri mtoto, na nyuma yake mezani kuna mtoto! Hotuba yake ya chuo cha ualimu, ile iliyowaliza watu, nani aliichapa? Tarehe nimeangalia. Ulikuwa na miaka kumi na sita.

Na wewe nimekukasirikia, samahani lakini ndiyo. Ulinyamaza mpaka nikakuandikia "mama mkatili" na nikakunakilia maneno yako mwenyewe kama habari njema. Ningejuaje? Kila mtu katika ukoo huu anajua kuandika na hakuna anayesema kitu.

Ukurasa wako ni huu, nimeuweka humu, halisi. Mashine ya kopi iko hatua tano kutoka mezani kwangu. Sikutoa kopi. Kile nilichokunakilia katika barua ile kipo kwako pia, mimi sina kingine. Miwani Mbili akijua nimetoa karatasi kwenye mkusanyiko atanikaanga, lakini mkusanyiko wenyewe nimeshauvuruga, ukurasa mmoja ni nini.

Ukitaka kuuchoma, choma. Fomu usisaini kwa ajili yangu. Yakirudi bandani, yarudi. Angalau paa limepigiliwa.

Ila sijui nitawaambia nini wale sitini na watatu.

Mtoto wa kaka yako


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na ile nyingine marahaba pia. Hatujambo hapa. Mashine ya kopi nimeibadilisha, hii mpya hata herufi zilizofutika inazitoa, fundi amebaki na vidole vinane vizima. Mwambie kaka yangu nimesikia juu ya paa. Mwambie pia sikuwahi kumkasirikia, alikuwa na miaka sita na kazi yake ilikuwa kula.

Unaona barua hii nimeiandika kwa mkono. Mkono umechoka upesi.

Fomu iko humu, nimesaini. Kaa chini nikueleze jambo la kazi.

Mama alikataza alama yoyote kwenye zile karatasi zilizochapwa. Hakuna jina, hakuna namba, hata penseli. Aliogopa mume wa mtu au baba wa mtu azione. Siku moja mafurushi mawili yalinidondoka, yakachanganyika. Alikaa siku mbili kuyatenganisha na hakusema na mimi siku hizo mbili. Baada ya hapo nikachukua sindano. Kila ukurasa niliotoa kwenye mashine niliutoboa kabla ya kuufunga. Pembe ya juu kushoto ni makumi, pembe ya chini ni mamoja. Matundu mawili juu na matano chini, ni furushi la ishirini na tano. Yale ya mwanzo hayana matundu juu. Ukurasa ukiwa mezani huoni kitu. Uinue kwenye dirisha.

Wadudu wenu ni mimi.

Niliposoma barua yako ya kwanza nilijua papo hapo kwamba utaweza kuwarudisha wote, ukiwa na wiki moja na dirisha. Nikakaa kimya. Nilifikiri mambo yakiharibika kabisa, basi yameharibika yenyewe, si mimi. Hilo nakuomba radhi. Wale sitini na watatu hawakunikosea kitu, na nilikuwa nawajua mmoja mmoja kuliko hata Mama, maana yeye alisikia mara moja, mimi nilichapa na kurudia.

Sasa ule ukurasa. Niliuchomeka mwenyewe katikati ya kazi, nione Mama atasema nini. Akaja nao mezani. "Hii ya nani?" Nikasema sijui. Akaniangalia. Mwandiko huo alinifundisha yeye, alinishika mkono. Akasema, "Ni nzuri. Ichape." Akachukua mkoba akaenda kwenye mkutano. Kama aliujua au hakuujua, amua wewe, mimi nimeamua mara nyingi na kila mara tofauti.

Sikuichapa. Miaka thelathini na moja nachapa barua za watu, mikataba yao, mitihani ya watoto wao, hiyo tu sikuichapa. Jana nimefunga duka mchana nikaichapa. Haikufika hata nusu ukurasa. Nilidhani ilikuwa ndefu.

Usije ukasema mahali kwamba nimesamehe. Sijasema hivyo. Kazi yake ilikuwa ya kweli, wasichana walirudi shule, baadhi walipita hapa dukani kuchapa vyeti vyao na hawakunijua. Weka yote mawili kwenye rafu moja. Asiyeweza kuyasoma pamoja asisome.

Mlangoni sitaki. Picha yake juu ya maneno yangu sitaki. Ule wa mkono na huu uliochapwa zimo humu, zifunge pamoja, kwa kile kipande cha kiuno chenye kishikizo. Kwenye orodha yenu usiandike "msichana mmoja". Wao Mama aliwaahidi kutoandika majina yao, mimi hakuna aliyeniahidi. Andika jina langu, majina yote matatu, na mbele yake uandike: binti yake, mchapaji.

Inua huo uliochapwa dirishani, Kimbelembele. Matundu sita juu, manne chini. Sindano ni ile ile.

Shangazi yako

Na mto tafuta mwingine.